Amari Hupimwa kwa Maji ya Saa Kumi

Ni Idd pili, saa 9 alasiri, kisiwani Mbudya, karibu na Dar es Salaam. Ufukwe wa magharibi, ule unaotazama Kunduchi, umejaa mikeka. Watoto wako majini, samaki wa kukaanga wanaletwa kwenye sinia, na mbele ya macho ya watu boti moja ya faiba yenye turubai la bluu inaanza kuondoka bila mtu ndani.

Haikuondoka kwa kishindo. Iligeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kidogo, ikasimama, ikageuza tena, kisha ikaanza kuteleza kuelekea upande wa kisiwa cha Pangavini huku nanga ikiwa bado imening'inia chini yake. Kijana mmoja wa ngalawa aliifuata, akapanda, akaivuta amari, yaani kamba ya nanga. Ilikuja mkononi bila kukaza hata kidogo. Hakuna aliyeumia. Wenye boti walimshukuru, na ufukweni watu wakabishana: nanga ndogo, nanga ya bei rahisi, upepo umegeuka.

Majibu hayo hayakuniridhisha, na kwa wiki kadhaa jambo hili limekuwa likinirudia. Nanga ile ilikuwa ya makucha manne, wala haikuwa ndogo kwa boti ya mita 7. Upepo wa kaskazi ulikuwa umelegea. Na asubuhi, boti ilipofika, nanga ilishika vizuri tu.

Ilishika saa 4. Iliachia saa 9.

Katikati ya saa hizo hakuna aliyeigusa.

## Bahari ya Idd

Kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji yanayojaa na kukauka sana, na robo za mwezi huleta maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, kila aliyekulia pwani anajua. Jambo ambalo wengi wetu wa mjini hatuliunganishi ni saa. Kuanzia Dar es Salaam na Unguja hadi Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hukauka kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hupinduka: hujaa kwenye saa 4 au 5, hukauka kwenye saa 10 au 11. Kila siku inayopita husogeza saa hizo mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo Idd pili na Idd tatu hazitoki mbali na hapo.

Sasa tazama kalenda. Idd el-Fitri ni mosi Shawwal, mwezi umeandama usiku wake. Maana yake Idd hii haikosi bamvua, mwaka wowote, kiangazi au masika. Na miaka hii imeangukia Machi na Aprili: mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Bamvua za karibu na Machi 21, siku ambayo usiku na mchana hulingana, ni miongoni mwa zile kubwa kabisa za mwaka, pamoja na zile za Septemba. Idd el-Hajj, inayokuwa tarehe 10 ya mwezi wake, hukutana na maji mafu.

Kwa hiyo miaka hii familia inayokwenda visiwani siku ya Idd el-Fitri huingia kwenye maji yanayopanda kuliko karibu siku nyingine yoyote ya mwaka, na huondoka bara saa 3 au saa 4 asubuhi, yaani wakati maji yamekauka kabisa.

Hapo ndipo penye jibu la boti ile.

Bamvua ya kawaida Dar es Salaam hupanda zaidi ya mita 3. Tuseme siku hiyo ni mita 3 na sentimita 60. Kupanda kwake hakuendi sawasawa. Mabaharia wana hesabu ya kugawa kimo hicho mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3.6, kila fungu ni sentimita 30. Kama maji yamekauka saa 4 asubuhi, basi hadi saa 5 yamepanda sentimita 30 tu, na mtu aliye ufukweni haoni tofauti. Lakini kati ya saa 6 na saa 8 mchana yanapanda mita 1 na sentimita 80, urefu wa mtu mzima.

Saa 6 hadi saa 8. Ndizo saa za kula.

## Hesabu ya amari

Nanga haishiki kwa uzito wake. Inashika kwa sababu inavutwa kwa kulala, makucha yakazama mchangani. Ikivutwa kwa kwenda juu, makucha yaleyale hung'oka kwa ulaini uleule yalioingilia. Kinachoamua ivutwe kwa kulala au kwa kwenda juu ni urefu wa amari ukilinganishwa na kina.

Nahodha wa boti ile, au yeyote aliyetia nanga, alifika akakuta maji ya mita 2. Akaachia amari ya kama mita 12. Kwa macho ni nyingi: mara 6 ya kina. Lakini kina hakihesabiwi kutoka usoni mwa maji. Huhesabiwa kutoka pale amari inapofungwa, na omoni kwa boti ya namna ile kuna mita 1 juu ya maji. Mita 2 na 1 ni 3, kwa hiyo amari ilikuwa mara 4. Inatosha kwa upepo mwanana.

Saa 10 pana maji ya mita 5.6. Jumlisha mita 1 ya omoni, ni 6.6. Amari ileile ya mita 12 haifiki hata mara 2, na inavuta nanga kwa kupanda kwa zaidi ya digrii 30. Wimbi moja la boti ya watalii linatosha.

Hesabu sahihi ni hii: kina cha sasa, jumlisha kimo ambacho maji bado yatapanda, jumlisha urefu wa omo juu ya maji, kisha zidisha kwa 5 hali ikiwa shwari, au kwa 7 upepo ukiwa mkali. Kwa boti ile ilitakiwa amari ya mita 33. Kwa upepo mkali wa kusi wa Julai, mita 46.

Boti nyingi za kukodi hazina mita 46 za amari.

Kimo cha maji cha siku unakipata kwenye jedwali la kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Linaonyesha saa na kimo kwa kila siku. Toa kimo cha kupwa kwenye kimo cha kujaa, umepata namba unayoitaka. Ukiwa huna jedwali, siku ya bamvua chukua mita 4 na uondoke na usalama wako.

## Nanga nzito au amari ndefu

Hili ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu mafundi wa boti wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema ongeza kilo za nanga, mambo yaishe. Nanga ya kilo 15 badala ya 8.

Ukipiga hesabu utaona kilo hizo 7 zinasaidia kidogo sana. Ndani ya maji chuma hupungukiwa na sehemu ya uzito wake, na boti ya mita 7 yenye turubai juu, ikipigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, huvuta kwa nguvu za makumi ya kilo, mawimbi yakiongeza mara kwa mara. Nanga inayotegemea uzito itakokotwa tu. Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu: fedha ya nanga kubwa zaidi inunue kwanza mnyororo wa mita 5, wa milimita 8, kisha kamba.

Mnyororo unalala chini na kuilaza nanga. Pia haukatwi na matumbawe, na pale chini ndipo kamba hukatika.

Kamba nayo ichaguliwe. Nailoni ya milimita 12 huzama na hunyumbulika, ikapokea mshtuko wa wimbi kabla haujafika kwenye nanga. Zile za plastiki za bluu au kijani, ambazo ndizo rahisi na ndizo zilizojaa madukani, huelea. Maji yakiwa machache, amari ya ziada inaelea usoni mwa maji na kuingia kwenye propela ya jirani, au yako mwenyewe. Kama ndiyo uliyonayo, ongeza mnyororo uivute chini.

Tia alama kila mita 5: kitambaa chekundu kilichopitishwa kati ya nyuzi za kamba kinatosha. Bila alama, kila mtu huamini ameachia mita 30.

Na mwisho wa amari ufungwe kwenye boti kabla ya kutoka bara. Nanga na kamba nzima kutokomea majini pamoja ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali.

## Chini pana nini

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Kutia nanga juu ya matumbawe hakufai, na hapa sheria na usalama wako vinakwenda pamoja. Nanga ikiingia kwenye matumbawe inashika, ndiyo, lakini inashika kwa kukwama. Boti ikigeuka, mnyororo husaga kila kilicho hai ndani ya duara lake. Halafu jioni nanga haitoki.

Rangi ya maji inasema mengi. Kijani chepesi kinachokaribia weupe ni mchanga, hapo ndipo. Mabaka meusi yenye kingo laini ni majani ya bahari. Mabaka ya kahawia yenye kingo kali ni mwamba. Ili uone, jua liwe nyuma yako na limepanda, yaani kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, na mtu mmoja asimame omoni. Miwani ya jua ya kukata mng'ao inasaidia kuliko kifaa cha kupimia kina kilichopachikwa tezini, yaani nyuma ya boti, kwa sababu kifaa hicho kinakwambia ulipo tayari.

Majani ya bahari ndiyo yanayodanganya zaidi. Nanga hushikilia juujuu kwenye mizizi, nahodha anahisi imekaza, anazima injini. Baada ya muda majani yanang'oka na nanga inabaki imevaa furushi la majani, ikiteleza juu ya mengine. Ukiivuta ikaja na furushi la namna hiyo, usiishushe tena palepale. Isafishe, sogea hadi kwenye mchanga.

## Kushusha

Njoo polepole ukielekea upepo unakotoka. Mkondo ukiwa na nguvu kuliko upepo, elekea mkondo. Tazama boti zilizokwisha kufunga zinaelekeza wapi omo, zitakwambia kipi kinatawala. Kabla ya kushusha, zunguka mara moja eneo lote ambalo boti yako itafagia. Amari ya mita 33 na boti ya mita 7 hufanya duara lenye nusu kipenyo cha mita 40. Pasiwe na mwamba humo, wala boti ya mtu.

Ukifika, simama. Boti inapoanza kurudi nyuma yenyewe, ndipo nanga ishushwe kwa mkono hadi iguse chini. Isirushwe. Nanga iliyorushwa hudondokea na kamba yake ikajizungusha kwenye makucha, na nanga iliyofungwa na kamba yake yenyewe ni jiwe tu.

Achia amari taratibu kadiri boti inavyorudi. Ikifika mara 3 ya kina, izuie kidogo ili makucha yaanze kuuma, kisha endelea hadi urefu uliopanga. Funga omoni.

Omoni, kila mara. Boti iliyofungwa tezini hupokea mawimbi mgongoni, penye injini na penye ukingo mfupi zaidi, na ikijaa maji huko haichukui dakika nyingi kuzama.

Sasa tia gia ya nyuma, polepole, kwa nusu dakika, na mtu aweke kiganja juu ya amari. Ikikaza na kutulia, imeshika. Ikitetema, ikikaza na kulegea, kukaza na kulegea, nanga inaruka chini. Ng'oa, anza upya. Hatua hii huachwa kwa sababu watoto wameshaanza kuuliza kama wanaweza kuruka majini. Wasubiri.

Mwisho, chagua vitu viwili nchi kavu vinavyofuatana kwa mstari, mnazi wa karibu na paa la mbali, upande wa ubavu wa boti. Mstari huo ukivunjika na usijirudi, mnakokota.

## Pale pa magoti

Saa 4 asubuhi bibi anashuka kwenye maji ya magotini akishikwa mkono, watoto wanatembea hadi mchangani. Saa 10 jioni mahali palepale ni zaidi ya mita 3 na nusu. Ukiwa hukupanga, ndipo unapoona mtu mzima anavuta watoto wawili kuogelea kuelekea boti, huku vyombo vikiwa kichwani.

Boti ya kurudi ije ufukweni, si watu waifuate. Inapokuja, nanga inashushwa kwanza mbali, boti inarudi kinyumenyume kwa kuachia amari hadi maji ya mapajani, mtu anaishika tezi, na injini inazimwa. Kuweka gia huru hakutoshi. Mtoto anayepandia nyuma mguu wake uko sentimita chache kutoka kwenye propela, na kiwiko kimoja kikigusa mkono wa gia basi.

Majaketi ya kujiokolea yavaliwe kabla ya kupanda, na ya watoto yawe ya watoto, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu mara tu anapoingia majini. Jaribu ni rahisi: mnyanyue mtoto kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, si lake.

Wanaolala kisiwani kwenye mahema wana shida ya kinyume. Umefika saa 10 jioni ya bamvua, ukatia nanga kwenye mita 4. Saa 4 usiku pamebaki sentimita 40. Boti imelala ubavu, na kama chini pana jiwe, faiba imepasuka gizani. Ukifika maji yamejaa, hesabu yako ni ya kushuka: toa mita 3.6, na ibaki angalau mita 1 na nusu.

## Nani anabaki

Hapa ndipo nilipokwama mwenyewe katika kufikiri. Hesabu inasema mita 33. Lakini siku ya Idd, mbele ya ufukwe wa Mbudya, kuna boti ngapi ndani ya mita 40? Ukiachia yote, utagonga mwenzio aliyeachia 12. Boti zenye amari ndefu na fupi hazizunguki pamoja.

Wapo wanaojibu kwa nanga ya pili tezini ili boti isizunguke. Kwa saa moja ya utulivu inafaa. Upepo ukija ubavuni, nanga zote mbili zinavutwa kwa nguvu kubwa zaidi, na amari ya tezini inakuwa karibu na propela wakati unaihitaji injini.

Jibu ninalolikubali lina sehemu mbili. Kwanza, sogea kusini au kaskazini, mbali na msongamano, hata kama wageni watatembea mita 200 mchangani. Pili, mtu mmoja anayejua kuwasha injini abaki ndani ya boti, au boti isipite nusu saa bila mtu kuogelea kwenda kuitazama, na saa 6 na saa 8 aongeze amari. Unaanza na mita 20, unamaliza na 33. Jioni maji yakisimama hakuna cha kuongeza.

Anayebaki apelekewe chakula chake kwanza. Manahodha wengi huondoka botini kwa njaa tu, baada ya kuona sinia zimeshuka na hakuna aliyewakumbuka.

Na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hakuna urefu wa amari utakaoifanya siku hiyo kuwa ya watoto.

## Kung'oa

Siku za bamvua, wakati mzuri wa kuondoka kisiwani ni kati ya saa 9 na nusu na saa 10 na nusu: maji yamejaa, mwamba una maji ya kutosha juu yake, na bado kuna zaidi ya saa moja na nusu ya mwanga. Usivute boti kwa mikono kuelekea nanga ikiwa upepo upo. Injini iende mbele polepole, mtu wa omoni akusanye amari na kuonyesha kwa mkono iko upande gani. Amari ikisimama wima, ifunge, subiri wimbi linyanyue omo; mara nyingi nanga hutoka hapo.

Isipotoka, achia amari kiasi, zunguka uende upande wa pili, uivute kuelekea huko, kinyume na ilivyoshika. Ndiyo maana nanga inayoshushwa karibu na mwamba hufungwa kamba nyembamba ya pili kwenye kichwa chake, upande wa makucha, na juu yake chelezo, kitu cha kuelea: ukivuta hiyo, makucha yanatoka kinyumenyume.

Ikigoma kabisa, usimpeleke mtu kuzamia mita 5 na nusu jioni. Funga dumu tupu la lita 20 kwenye amari, fungua amari omoni, wapeleke watu nyumbani. Kesho yake, karibu na saa 5 asubuhi, patakuwa na mita 2 tu, na mwenye miwani ya kuogelea ataifungua kwa mkono bila kuvunja tumbawe hata moja.